Njia ya Figo Bandia, Kutoka Kampen Hadi Kwetu

Mwaka 1938, katika hospitali ya chuo kikuu mjini Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, daktari kijana aliyeitwa Willem Kolff alikabidhiwa vitanda vinne. Alikuwa na umri wa miaka 27. Kwenye kitanda kimojawapo alilala kijana wa miaka 22, mtoto wa mkulima, ambaye figo zake zilikuwa zimefeli. Alitapika kutwa kucha, kichwa kilimgonga, macho yalikuwa yanapoteza nuru. Uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa ulibaki kwenye damu na kumtia sumu taratibu. Dawa haikuwepo. Ikawa ni kazi ya Kolff kumwambia mama mzazi, mwanamke wa shamba aliyevaa nguo nyeusi, kwamba mwanawe wa pekee anakufa.

Madaktari wa zama zote wamebeba kazi hiyo. Kolff aliibeba, kisha akaenda kupiga hesabu. Figo mbili za binadamu huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku, hurudisha mwilini karibu yote, na hutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Hakuna aliyeweza kuiga kazi hiyo kwa ukamilifu wake, na Kolff hakujaribu. Alijiuliza jambo dogo zaidi: akiweza kumtolea kijana yule gramu 20 za yurea kila siku, taka inayobaki mwili ukishatumia protini, je, kutapika kungekoma? Macho yangepata nafuu? Naamini udogo wa swali hilo ndio uliofungua njia. Alitafuta unafuu wa siku moja, halafu wa siku inayofuata.

Wapo waliokuwa wamepita hapo kabla yake. Mskoti Thomas Graham, mwaka 1861, alionyesha kwamba ukitenganisha vimiminika viwili kwa utando mwembamba, chembe ndogo hupenya na kubwa hubaki. Mwaka 1913 huko Baltimore, John Jacob Abel na wenzake walipitisha damu ya wanyama hai kwenye mirija ya kolodioni, aina ya utando mwembamba, iliyozamishwa kwenye maji ya chumvi. Ili damu isigande walitumia hirudini, dutu inayotolewa kwenye vichwa vya ruba. Walisaga ruba wengi, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, biashara ya ruba kutoka Ulaya ikakatika. Mjerumani Georg Haas, mjini Giessen, alimfanyia binadamu mwaka 1924, kwa dakika 15 tu. Wakubwa wa tiba hawakumuunga mkono, akaachana na jambo hilo. Kolodioni ilikuwa inapasuka, hirudini ilikuwa na madhara, na damu iliyosafishwa ilikuwa kidogo mno.

Kufikia siku za Kolff, vitu viwili vilikuwa vimepatikana. Kimoja ni heparini, dawa safi zaidi ya kuzuia damu isigande. Cha pili kilikuwa kwenye mabucha: mrija wa selofani, ule ule uliotumika kufungia soseji. Profesa wa biokemia hapo Groningen, Robert Brinkman, ndiye aliyemwelekeza. Kolff alikata kipande cha mrija huo, akatia damu kidogo na yurea, akafunga ncha zote mbili, akautikisa kwenye maji ya chumvi. Baada ya muda mfupi karibu yurea yote ilikuwa imehamia kwenye maji. Jaribio la mezani, la nusu saa. Kilichobaki ilikuwa kutafuta mrija mrefu vya kutosha, na namna ya kuufanya uzunguke.

Vita vilifika kabla ya mashine. Mei 10, 1940, Wajerumani walipoivamia Uholanzi, Kolff alikuwa The Hague kumzika babu wa mkewe. Ndege zilikuwa zinapiga mji. Aliondoka mazikoni, akaenda hospitali kubwa ya hapo na kuuliza kama wanahitaji mtu wa kuwaanzishia benki ya damu. Walimpa gari na askari wa kumlinda, akazunguka madukani akikusanya chupa, mirija na sindano. Katika siku nne benki ilikuwa inafanya kazi. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinamweleza mtu huyu kuliko shahada zake: alikuwa mtu wa kuokota kilichopo na kukitumia leo.

Mkuu wake wa Groningen, Profesa Polak Daniels, alikuwa Myahudi. Siku chache baada ya uvamizi, yeye na mkewe walijiua. Aliyeletwa kukalia kiti chake alikuwa mfuasi wa Wanazi, na Kolff hakukubali kufanya kazi chini yake. Akahamia Kampen, mji mdogo kando ya mto IJssel, kwenye hospitali ndogo ambayo hakuna aliyeitarajia kuingia kwenye vitabu vya tiba.

Kampen kulikuwa na kiwanda cha masufuria na vyombo vya enameli, na mkurugenzi wake, Hendrik Berk, alikubali kumsaidia. Katika nchi iliyokaliwa na majeshi, ambapo kila kipande cha chuma kilikuwa na mwenyewe na mwenyewe huyo alikuwa adui, hilo halikuwa jambo dogo.

Mashine yenyewe nimeitazama mara nyingi kwenye picha. Ni pipa la mbao lililolazwa ubavu, limetengenezwa kwa fito zilizopangwa kwa mzunguko kwa kuwa alumini ilikuwa haipatikani. Juu ya fito umezungushiwa mrija wa selofani wa mita 20 na zaidi, mzingo baada ya mzingo, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Chini kuna hodhi la enameli lenye lita 100 za maji yenye chumvi, sukari na bikaboneti, na nusu ya chini ya pipa imezama humo. Mota inalizungusha. Damu ndani ya mrija, kwa uzito wake, daima inatafuta sehemu ya chini kabisa ya kila mzingo. Pipa likizunguka, sehemu hiyo ya chini inasogea mbele, na damu inasogea nayo, ikiacha yurea majini. Palikuwa na tatizo moja la kifundi: utaunganishaje mrija unaotoka kwa mgonjwa aliyelala kimya na mrija unaozunguka, bila kusokotana na bila kuvuja? Kolff alilipata jibu kwa wakala wa magari ya Ford wa pale mjini. Kiungio cha pampu ya maji ya injini kilikuwa kimeshalitatua tatizo lile lile.

Machi 1943 mgonjwa wa kwanza alilazwa kando ya pipa hilo, mwanamke wa miaka 29 ambaye figo zake zilikuwa zimeharibika kabisa. Kila alipounganishwa, kiwango cha yurea kilishuka na akili ikamrudia. Baada ya saa na siku, sumu ilipanda tena, na akaunganishwa tena. Alisafishwa mara 12. Hakusafishwa mara ya 13 kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuingilia. Kila safari ilihitaji kupasua ngozi, kuutafuta mshipa mkubwa, kuingiza mrija wa kioo, na mwisho kuufunga mshipa huo moja kwa moja. Mikono na miguu ya mtu ina mishipa mikubwa michache. Ilipokwisha, mashine ilikuwa nzima, maji yalikuwepo, daktari alikuwepo, na mwanamke yule akafa.

Kwa maoni yangu, nusu ya historia ya figo bandia ni historia ya mshipa wa damu, na nusu hiyo haisimuliwi vya kutosha.

Kati ya wagonjwa 16 wa kwanza wa Kolff, 15 walifariki. Wengi waliletwa wakiwa hawana tena fahamu, na wengi figo zao zilikuwa zimekufa bila matumaini ya kurudi. Mtu anayesoma orodha ile leo anaweza kujiuliza ni haki gani ilimruhusu kuendelea. Nimelitafakari swali hilo, na jibu ninalolipata limo kwenye kumbukumbu zake mwenyewe: alipima kila kitu, akaandika kila kifo pamoja na sababu yake, na aliyaona yale masaa ambayo mtu aliyekuwa amepotelea kwenye usingizi wa sumu alifumbua macho na kuzungumza na watu wake. Masaa hayo yalimwonyesha kuwa hesabu ya mwaka 1938 ilikuwa sahihi. Mwaka 1944, vita vikiendelea, alichapisha maelezo kamili ya mashine ili yeyote aweze kuitengeneza.

Mgonjwa wa 17 alifika Septemba 1945, miezi minne baada ya ukombozi. Alikuwa mwanamke wa miaka 67, hana fahamu, na aliletwa kutoka kifungoni. Alishitakiwa kwa kushirikiana na Wanazi. Watu wengi wa Kampen, waliokuwa wametoka kuzika ndugu zao, hawakuona sababu ya kumhangaikia. Kolff naye alikuwa amepoteza mwalimu kwa sababu ya wale ambao mwanamke huyo aliwaunga mkono. Alimuunganisha kwenye pipa, akakaa naye zaidi ya saa 11. Mwanamke akazinduka, na maneno yake ya mwanzo yalikuwa kwamba atamwacha mumewe. Alimwacha kweli, akaishi miaka kadhaa, akafa kwa ugonjwa mwingine. Figo zake zilikuwa zimezimika kwa muda tu; mashine ilimbebea mzigo mpaka zikaamka. Binadamu wa kwanza ambaye Kolff alikuwa na uhakika kuwa amemwokoa kwa figo bandia alikuwa mtu ambaye mji mzima ulimchukia, na sijawahi kusoma popote kwamba daktari huyo alilijutia hilo.

Baada ya vita alifanya jambo lingine ambalo naliheshimu sana. Mashine alizokuwa nazo alizigawa bure, London, New York, Montreal, Kraków, na hakuchukua hataza. Boston waliiboresha kwa chuma cha pua, na Wamarekani wakaipeleka kwenye vita vya Korea, ambako askari waliofeli figo kwa majeraha walianza kupona kwa idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 1950 Kolff mwenyewe alihamia Cleveland. Huko alitengeneza figo nyingine kwa kopo la juisi ya matunda na wavu wa kuzuia wadudu madirishani. Ndiyo iliyoingia viwandani mwaka 1956.

Lakini hadi hapo figo bandia ilikuwa ya watu ambao figo zao zingerudi zenyewe. Mwenye figo zilizokufa aliweza kusafishwa mara chache, kisha mishipa ikaisha, kama ya yule mwanamke wa 1943.

Aliyeuvunja ukuta huo ni Belding Scribner, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Alikuwa amempa nafuu mgonjwa mmoja kwa mashine, akamwona amekaa kitandani na kuongea, halafu ikabidi airudishe familia nyumbani pamoja naye ili akafie huko, kwa kuwa figo zake hazingerudi. Jambo hilo lilimnyima usingizi, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia usiku. Badala ya kuufunga mshipa kila mara, kwa nini usiachwe mlango? Mrija mmoja uingie kwenye ateri ya mkono, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, mwingine kwenye vena, mshipa unaoirudisha, na wakati mgonjwa hayuko kwenye mashine, ncha hizo ziunganishwe nje ya ngozi kwa kipande cha umbo la U ili damu iendelee kupita bila kusimama na kuganda. Mirija ilikuwa ya teflon, plastiki ile ile inayopakwa kwenye kikaango kisichogandisha chakula. Damu nayo haikuing'ang'ania. Mhandisi Wayne Quinton ndiye aliyeikunja na kuitengeneza. Machi 1960 mrija huo uliwekwa kwenye mkono wa Clyde Shields, fundi mitambo ambaye angekufa katika wiki chache. Aliishi miaka 11.

Hapo ndipo swali jipya lilipozaliwa. Kituo cha Seattle kilipofunguliwa mwaka 1962 kilikuwa na nafasi chache na waombaji wengi. Chama cha madaktari wa eneo hilo kikaunda kamati ya watu saba ambao majina yao hayakutajwa: mwanasheria, mchungaji, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Madaktari walishawachuja wagonjwa kitabibu. Kamati ilipaswa kuchagua kati ya waliobaki. Walitazama umri, ndoa, idadi ya watoto, kipato, elimu, kazi, hata mahudhurio kanisani. Mwanahabari Shana Alexander aliliandika jambo hilo kwenye jarida la Life mwaka huo huo, na Marekani ikashtuka. Wapo wanaowalaumu wajumbe wale. Mimi naona walikuwa raia waliopewa mzigo ambao hakuna raia anayestahili kuubeba, na aibu ilikuwa ya nchi tajiri iliyoacha uhai upigiwe kura kwa uhaba wa viti. Ilichukua miaka kumi. Oktoba 1972 ilipitishwa sheria iliyoifanya serikali ya Marekani igharimie usafishaji wa damu kwa karibu kila raia mwenye figo zilizofeli, awe na umri wowote. Kamati za namna hiyo zikakosa kazi.

Mrija wa Scribner ulikuwa na ila: ulitoka nje ya ngozi, ukaingiza vijidudu, ukaziba. Suluhisho lililodumu lilitoka kwenye hospitali ya maveterani ya Bronx, New York. Daktari James Cimino, alipokuwa mwanafunzi, alijipatia riziki kwa kutoa watu damu, akaijua mishipa kwa vidole vyake. Alikumbuka kwamba mtu ambaye ateri na vena zake zimeungana, mara nyingi kwa jeraha, vena yake huvimba na kuwa nene, rahisi kuchomwa sindano. Yeye na Michael Brescia wakamwomba daktari wa upasuaji Kenneth Appell auunganishe mshipa na mshipa kwenye kifundo cha mkono, kwa makusudi. Mwaka 1966 walitangaza matokeo. Hakuna plastiki, hakuna mrija, hakuna kitu kigeni. Mwili wenyewe umefundishwa kujitengenezea mlango.

Kolff aliendelea. Alishaona, tangu siku za Kampen, kwamba damu iliingia kwenye selofani ikiwa nyeusi na kutoka ikiwa nyekundu zaidi, maana yake ilikuwa inavuta oksijeni. Kutokana na hilo akatengeneza mapafu bandia kwa ajili ya upasuaji wa moyo. Mwaka 1957 alimwekea mbwa moyo bandia akaishi dakika 90. Chuo Kikuu cha Utah, ambako alihamia mwaka 1967, ndiko Desemba 1982 Barney Clark alipowekewa moyo wa Jarvik-7 na kuishi siku 112. Kolff alikuwa na desturi ya kuvipa vifaa majina ya vijana waliovifanyia kazi, ndiyo maana moyo ule unaitwa Jarvik. Yeye na Scribner walipewa tuzo ya Lasker pamoja mwaka 2002. Alifariki Februari 2009, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 98.

Njia hiyo imefika kwetu. Kwenye chumba cha kusafishia damu, Dar es Salaam au Nairobi, pipa la mbao limekuwa bomba la plastiki lenye urefu wa kigasha, ndani yake kuna maelfu ya nyuzi zenye uwazi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Damu inapita ndani ya nyuzi, maji yanapita nje yake, kinyume na mwelekeo wa damu. Kwa muda wa saa nne hutumika lita 120 hivi za maji yaliyochujwa kwa mitambo maalumu. Lakini mtazame muuguzi kabla hajagusa mashine. Anaushika mkono wa mgonjwa, anaweka vidole juu ya uvimbe ulio kwenye kifundo au karibu na kiwiko, na kusubiri. Anatafuta mtetemo. Damu ya ateri ikikimbilia kwenye vena hutetemesha ngozi, na mgonjwa mwenyewe hufundishwa kuupapasa kila asubuhi. Mtetemo ukiwepo, mlango uko wazi. Ukikosekana, hakuna kusubiri mpaka kesho. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi. Sindano mbili zinaingia, moja ya kutoa damu na moja ya kurudisha. Na ubavuni mwa mashine upo mkono wa kuzungushia pampu: umeme ukikatika na akiba ikigoma, muuguzi huzungusha kwa nguvu zake ili damu ya mtu imrudie.

Wagonjwa wengi wa kwetu hufika bila mlango huo. Fistula, ndivyo wanavyoiita, isichanganywe na ile ya uzazi, huhitaji wiki kadhaa ili ikomae, kwa hiyo ingefaa itengenezwe mapema. Lakini presha na kisukari, vinavyoharibu figo nyingi, hufanya kazi kimyakimya. Mtu huja hospitali akiwa tayari amevimba na kukosa pumzi, na huanza kwa mpira unaoingizwa shingoni, ambao huleta maambukizi kama mrija wa Seattle.

Kuna njia ya kutokea. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikishirikiana na wataalamu wa Hospitali ya BLK kutoka New Delhi, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Upandikizaji unahitaji ndugu anayefanana damu na aliye tayari. Mpaka apatikane, na kwa wengi hapatikani, kinachobaki ni kile kiti na zile sindano mbili. Duniani kipimo cha kawaida ni mara tatu kwa wiki. Bima ya taifa ya Kenya ilipoanza kulipia huduma hii iliweka mara mbili. Asiye na bima hulipa mfukoni, na wapo wanaopunguza mpaka mara moja fedha zinapokauka, wakijua sumu haipunguzi kasi.

Kwa hiyo kamati ya Seattle bado inakaa, sebuleni mwa watu. Baba mkubwa, shangazi, kaka aliyetoka mkoani, wanakaa usiku kujadili kama kiwanja kiuzwe, ada ya mtoto yupi isimame, nani akapime damu. Wao hawachagui kati ya wageni. Mgonjwa yuko chumba cha pili, anasikia. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ninachotaka kukiona, na nitaendelea kukiulizia, ni usafishaji wa damu mara tatu kwa wiki pamoja na upasuaji wa kutengeneza fistula mapema, vikiwa vimeandikwa kwenye kitita cha kila mwenye kadi, awe Kariakoo au Sumbawanga.